Barua kwa Mama Zuhura: samaki wa kuongeza tangini

Mtwapa,
9 Juni 2024

Mwenzangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto huko Leicester. Sisi huku hatujambo, ila kusi imekaza. Bahari imechafuka, wazamiaji wanashinda nchi kavu wakishona nyavu zao, na ghalani kwetu, tunakofunga samaki wa mapambo wa kusafirishwa, matangi mengi hayana kitu. Ndiyo sababu nimepata nafasi ya kukaa kitako nikuandikie, maana maswali yako kuhusu samaki wa kuongeza kwenye tangi lako la maji chumvi si ya kujibiwa kwa ujumbe wa simu.

Picha nimeziona. Mashallah! Lita 240, matumbawe laini yamefumbuka yote, na ile rangi ya zambarau imeanza kutambaa juu ya mawe. Hilo ni tangi lililotulia, na mtu akiwa na tangi lililotulia lazima mkono uanze kumwasha. Orodha yako nayo nimeisoma zaidi ya mara moja: kangaja wa buluu kwa ajili ya Zuhura, jozi ya klauni wa kwetu Pwani, yule samaki msafishaji, mandarini, na kitatange "yeyote wa njano". Nitakwambia ninavyoona bila kuficha, kwa sababu samaki hawa nimewatia mifukoni kwa mikono yangu miaka mingi na najua wanakotoka.

Mimi nikiletewa samaki, jicho langu huanzia mdomoni. Mdomo unakwambia anakula nini, na anachokula ndicho kitakachoamua kama ataishi kwako au atakufa taratibu mbele ya macho yenu. Rangi naitazama mwisho. Nakuomba orodha yako uisome upya kwa njia hiyo.

Tuanze na kangaja wa buluu, maana najua ndiye anayeliliwa. Ni wa kwetu kweli: mwili buluu ya anga, pezi la mgongoni njano, uso mweusi, koo jeupe. Mdomo wake mdogo una meno ya kukwangua, na kazi yake kutwa nzima ni kukwangua mwani mwambani, akienda na kurudi pale ukingoni mawimbi yanapopasukia. Akikua hupita sentimita 20. Tangi lako lina urefu wa mita moja na kitu; atapiga mkia mara mbili afike pembeni, ageuke, apige tena mara mbili, na hayo ndiyo yatakuwa maisha yake. Kangaja akihangaika ndiye wa kwanza kushikwa na ugonjwa wa vidoto vyeupe, na huyu wa buluu anajulikana kwa hilo kuliko wenziwe wengi. Akishikwa yeye, kesho yake ni klauni wako. Tena ni mkali. Wazamiaji wetu wana makovu ya kile kiwembe kilicho kwenye shina la mkia wake. Siku shemeji atakapokubali tangi la mita 1.8 kwenda mbele, tutamzungumza. Kwa sasa mwambie Zuhura shangazi yake amesema bado.

Klauni wa kwetu, naelewa moyo wako. Yule wa Allard, Amphiprion allardi, mwenye mistari miwili myeupe na mkia mweupe, ndiye tuliyekuwa tukimwona Watamu maji yakitoka, tukichungulia kwenye anemoni. Lakini wewe tayari unao wawili. Hao wako ni ocellaris, asili yao ni maji ya mashariki ya mbali, na kwa ulivyonieleza walizaliwa kwenye tangi la mfugaji. Klauni wote huzaliwa madume. Katika kundi, yule mkubwa anayewatawala wengine hugeuka jike, na anayemfuata huwa dume lake. Jike akifa, dume hupanda cheo na kugeuka jike. Basi huyo mkubwa wako ni bibi mwenye nyumba, na hatakubali bibi wa pili aje na mume wake, tena wa aina kubwa na kali kumshinda. Watapigana mpaka mmoja abaki amebanwa juu kwenye kona, mapezi yamechanika. Tangi moja la kadiri hiyo, jozi moja ya klauni. Hapo sina njia ya kati ya kukupa.

Samaki msafishaji ndiye aliyenifanya nikae niandike barua ndefu. Yule mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni, Labroides dimidiatus. Huku Kenya anakamatwa na kusafirishwa, nami nimemfunga mara nyingi, kwa hiyo simsemi kwa kusikia. Baharini ana kituo chake mwambani, na samaki wengine hupanga foleni kumjia: chewa, pono, tafi, hata mkunga. Wanatanua mapezi, wanafungua vinywa, yeye anawatoa wadudu wanaowanyonya damu. Hicho ndicho chakula chake, kutoka kwa wateja wengi kila siku. Kwako atakuwa na wateja watatu wanne, tena wasio na wadudu. Atawasumbua kwa kuwadonoa, kisha atakonda. Wapo waliozoea vyakula vya kugandishwa wakaishi, lakini wengi hawafiki mbali. Na huko alikotoka anaacha pengo. Kwenye Kisiwa cha Lizard, Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji kwenye baadhi ya miamba midogo kwa zaidi ya miaka minane, na miamba hiyo ikabaki na samaki wachache na aina chache kuliko ile iliyoachwa na wasafishaji wake. Kwa hiyo huyu usimnunue, hata ukimkuta kwa bei ya kutupa. Ukitaka kuona usafishaji, chukua kamba msafishaji mwenye mgongo mwekundu wenye mstari mweupe. Yeye anakula chochote unachowapa samaki.

Mandarini ni mzuri, sibishi. Ila tazama kile kimdomo: kimeumbwa kudokoa viduduchembe, vile vijidudu vidogo mno vya kwenye mawe, kimoja kimoja, tangu asubuhi mpaka jioni. Mawe yako yana viduduchembe sasa, lakini samaki mmoja wa aina hiyo anaweza kuvimaliza katika muda mfupi, na kama hajazoezwa chakula kingine atakufa njaa katikati ya tangi lililojaa chakula cha wenzake. Siku hizi wako wanaozalishwa na wafugaji, ambao wengi wamezoezwa chakula cha kugandishwa. Ukimpata wa hivyo, ukamwona kwa macho yako akila dukani, ndipo ufikirie. Si mwaka huu.

Na kitatange! Dada, wengi wa vitatange hawa tunaowaona Pwani wanakula matumbawe yenyewe. Utakuwa umewapikia.

Sasa usije ukasema nimekunyima kila kitu. Unataka samaki wanaokukumbusha kwenu, na wako wanaokufaa. Ninayemtaka kwako wa kwanza ni yule mwembamba anayekaa mbele ya shimo lake, kichwa cheupe, mwili ukielekea mkiani unakolea wekundu kama kaa la moto, na unyoya mrefu mgongoni anaoupandisha na kuushusha. Jina la kitaalamu ni Nemateleotris magnifica. Liandike umwoneshe muuzaji. Anapatikana kuanzia bahari yetu mpaka Pasifiki. Mdomo wake unaelekea juu kidogo, kwa sababu chakula chake ni kile kinachopita na mkondo wa maji, kwa hiyo chakula kidogo kidogo cha kugandishwa anakidaka vizuri. Ni mwoga, hamwonei mtu. Aibu yake ni moja: akishtuka, anaruka. Wavu wa kufunika juu ya tangi uwepo kabla yeye hajafika. Usiniambie utanunua wiki ijayo.

Wa pili, samaki mlinzi na kamba wake. Mwulizie Amblyeleotris wheeleri mwenye mistari myekundu, naye yuko mpaka kwetu, pamoja na kamba mwenye gando linalolia kama risasi. Kamba anachimba shimo mchangani na kutoa vifusi mchana kutwa, lakini macho yake ni hafifu. Samaki anakaa mlangoni. Kamba akitoka, papasi yake moja haiachi kumgusa samaki. Samaki akitikisa mkia, wote wawili wanatumbukia ndani. Nimeyatazama hayo kwenye tangi letu la maonyesho nikasahau chai yangu. Watoto wako watashinda hapo. Hakikisha tu mawe yamekaa juu ya kioo cha chini, si juu ya mchanga, kwa sababu kamba atachimba chini ya jiwe na jiwe litashuka.

Wa mwisho, kitatange mdogo wa kwetu, Centropyge acanthops: kichwa na mgongo rangi ya chungwa, mwili buluu iliyokolea, hazidi sana sentimita 8. Hapo utapata njano yako na Pwani yako kwa pamoja. Sikufichi, wako wanaodonoa matumbawe. Wengi wanaridhika na mwani wa mawe na chakula chenye mwani ndani, lakini hakuna wa kukuapia. Matumbawe yako ni laini, hatari ni ndogo, mimi ningemchukua. Ila aingie mwisho kabisa, kwa sababu akitangulia atalihesabu tangi lote ni lake na kila mgeni atamfukuza. Mwoga kwanza, mkali mwisho. Na kati ya mmoja na mwingine acha majuma kadhaa, bakteria wa kwenye mawe wapate kuongezeka kulingana na uchafu mpya.

Ukienda dukani usilipe siku hiyo hiyo. Uliza amefika lini. Samaki aliyefika jana hajamaliza safari. Huku tunamwacha bila chakula siku moja au mbili kabla ya kumtia mfukoni, asichafue maji njiani, halafu anakaa mfukoni saa nyingi, theluthi moja maji na iliyobaki oksijeni, ndani ya boksi la stairofomu. Mwache akae dukani wiki nzima, kisha rudi umwombe muuzaji amlishe ukiwa umesimama hapo. Asipokula mbele yako, mwache. Mtazame kutoka mbele pia, si ubavuni tu: tumbo lililobonyea na nyama iliyokonda nyuma ya kichwa huonekana vizuri zaidi ukimtazama hivyo. Anayehema haraka kuliko wenzake, mwache pia, hata Zuhura akilia.

Umeniuliza kuhusu kudondosha maji ya tangi mfukoni kwa saa mbili. Kwa samaki aliyetoka safari ndefu mimi sikubaliani na jambo hilo. Mfukoni pumzi ya samaki huongeza kaboni dioksaidi, maji yanakuwa na asidi kidogo, na asidi hiyo ndiyo inayoifanya amonia iliyomo isiwe na makali. Ukifungua mfuko, ile hewa inatoka, asidi inapungua, na amonia ile ile inageuka sumu huku samaki yumo ndani yake. Uache mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa, dakika kama 20, joto lilingane. Kisha fungua, mtoe samaki upesi, maji ya mfuko yamwage. Ili hilo liwezekane, chumvi lazima zilingane kabla. Mpigie muuzaji uulize kipimo chake cha chumvi. Maduka mengine hushusha mpaka 1.020 ilhali wewe uko 1.025, basi tangi la karantini, lile la kumtenga mgeni kwanza, liandae kwa kipimo cha duka, halafu ulipandishe pole pole siku zinazofuata.

Nimesema karantini, na hapa sitaki mjadala. Tangi tupu la lita 50, pampu, hita, sponji la chujio ulilolilaza kwenye tangi kubwa majuma machache likashika bakteria, na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Hakuna mchanga, hakuna jiwe. Wiki nne, kila samaki. Mdudu wa vidoto vyeupe humdondoka samaki, hujifunga chini kama yai, kisha hupasuka na kutoa wengi wanaotafuta samaki wengine. Akiingia kwenye tangi la matumbawe huwezi kumtia dawa, kwa sababu dawa yake ni shaba, na shaba inaua matumbawe, kamba na konokono. Utalazimika kuwatoa samaki wote, mawe yote uyang'oe kuwapata, na tangi likae bila samaki. Wafugaji wengi hungoja siku 76. Wiki nne za kungoja mbele ya tangi dogo ni nafuu mno. Yule kamba mchimbaji asiingie humo kama kuna shaba, mweke peke yake kwenye chombo kingine.

Kama unaweza kungoja zaidi, ngoja mpaka kaskazi ianze. Kuanzia Novemba bahari inatulia, maji yanakuwa maangavu, na wazamiaji wetu wanakamata kwa kimia cha mkono bila kumkimbiza samaki mpaka achoke. Mzigo wa wakati huo unafika ukiwa na afya kuliko wa sasa. Mwulize muuzaji wazi wazi: huyu ametoka Kenya, na amekamatwa kwa njia gani? Ziko nchi ambako bado wengine wanapuliza sayanaidi mwambani ili samaki alewe. Asiyejua samaki wake wametoka wapi, usimpe pesa yako.

Basi anza na wavu wa juu na hilo tangi la karantini, halafu uniandikie vipimo vya duka pamoja na picha ya yule wa kwanza, ya ubavuni na ya mbele. Nipe muda wa kuitazama kabla hujalipa.

Bibi yake Zuhura nilimwona juzi sokoni Kilifi, yu mzima, anauliza lini mnakuja. Msalimie shemeji, wabusu watoto.

Ni mimi mwenzako,
Mama Salma