Palipo na rangi usipige msasa

Mtwara,
9 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hapa nyumbani hatujambo, ila mama yako ameudhika kwamba hujapiga simu tangu Jumatano. Picha za mbao ulizookota huko Kilwa baada ya Kimbunga Hidaya nimeziona. Watu wanasema kiama kimepita ufukweni, nawe umeona cha kuchonga. Nimefurahi. Lakini katika picha ya tatu umeshika msasa mkavu na usoni huna kitu, ndiyo maana naandika.

Vumbi, mama. La mpingo linawasha ngozi na kubana kifua, hilo unalijua. La mbao za mashua ni baya zaidi. Chini chombo hupakwa deheni, yaani chokaa na mafuta, pengine na rangi yenye sumu ya kuzuia viumbe wasishike. Juu kuna rangi za mafuta, na za zamani nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ukipiga msasa mkavu unavivuta vyote. Kitambaa nilichokuzoesha kufunga hakizuii vumbi jembamba. Kiache. Vaa barakoa ya N95, ibane puani, ikilowa jasho itupe. Pasipo na rangi tumia msasa wa maji, na mabaki ya mbao hizo usiyafanye kuni za kupikia.

Umeandika unataka kazi iwe safi. Hapo sikubaliani nawe kabisa. Ule ubao wenye herufi za jina la chombo, ukiusafisha utabaki ubao kama wa dukani. Palipo na rangi usipige msasa. Osha kwa brashi laini na maji ya sabuni, rangi inayobanduka ishikize kwa gundi nyepesi, kisha uiache. Tundu la msumari lenye kutu, mahali kamba ilipokula mbao, hivyo ndivyo vitakavyomsimamisha mtu. Unamjua Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa vinyago vya shetani: inasimuliwa kwamba alianzia kwenye kinyago kilichovunjika mkono. Hakukitupa.

Sasa ubao wenyewe. Usiupeleke kwenye msumeno kabla ya kuupitishia sumaku pande zote mbili, maana msumari mkongwe hukatikia ndani na huuoni. Chumvi nayo itoe: loweka kwenye maji baridi siku nne au tano, ukibadilisha kila siku. Usipoitoa, ubao utalowa kila penye umande na patasi zako zitakula kutu. Kisha panga kivulini, vijiti katikati ya ubao na ubao, mawe juu usipinde. Usiuanike juani hata mteja akikusukuma. Kila wiki upime kwa mizani ya duka. Uzito ukikaa palepale wiki tatu, umekauka. Umezoea kukisia kwa kugonga na kusikiliza, na ndipo vinyago vyako viwili vya mwaka jana vilipopasukia.

Kama chombo kilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, harufu ya papa itakwambia. Mbao iliyokunywa sifa haishiki gundi wala vanishi. Na mpingo wenyewe una mafuta, kwa hiyo watu wa kinyago chako cha ujamaa, wale waliobebana, ukiwagandisha kwa gundi juu ya ubao huo wataanguka kabla hujafika Dar es Salaam. Tumia vigingi vya mpingo. Kwa sanamu pana, kigingi cha katikati kibane, vya pembeni vitobolee tundu refu kidogo kukatisha nyuzi za ubao, ili ubao upate nafasi ya kutanuka. Nilipoona umewapanda watu wale mmoja juu ya mwingine hadi kwenye ukingo uliovunjika, nilimwita mama yako aje aone. Hilo sikukufundisha mimi.

Vile vipande vya mpingo bado vibichi. Paka nta iliyoyeyushwa kwenye ncha zote mbili leo, si kesho, kwa sababu maji hutokea nchani haraka kuliko ubavuni na ufa huanzia hapo. Kiini cha gogo usikiweke usoni mwa sanamu.

Mwembe ulioanguka nyuma ya nyumba yenu ukiukawiza utaingia ukungu na dumuzi. Chonga bakuli mapema, uache unene, umalizie likikauka. Lakini vumbi lake nalo, funga pua.

Na kabla ya yote, omba. Mlango uliosombwa na maji una mwenyewe, na huenda bado anautafuta. Mti ulioangushwa na upepo nao una mwenyewe. Anzia ofisi ya kijiji, na mpingo usiusafirishe bila hati ya TFS, wakala wa misitu. Ukiulizwa kwenye kizuizi, kusema ni wa kimbunga hakutakusaidia. Barabara ya Somanga usiipite usiku, bado sina imani nayo.

Huku mikorosho inaanza kuchanua na ubwiriunga, ule ukungu wa maua, haungoji, salfa nimeshanunua mifuko mitatu. Nitaipuliza nikiwa nimevaa barakoa, usimsikilize mama yako. Akikwambia nakohoa, ni baridi ya asubuhi tu. Paa la jikoni limevuja upande wa kuni, makuti tutabadilisha mwezi ujao.

Kifurushi nimempa kondakta wa basi la kesho, kipokee Nangurukuru. Kuna tezo ndogo, ile uliyokuwa unaiomba nikawa nakataa, nta robo kilo, na barakoa ishirini. Korosho za mama yako ziko juu. Ukishapokea tuma picha ukiwa kazini, na uso uonekane umefungwa.

Baba yako