Barua kwa mwanangu: Kindle uliyonitumia

Mwanangu Salim,

Asalaam aleikum. Huku Kibokoni hatujambo wote, ni joto tu linalotusumbua. Mzigo wako ulifika salama, na kondakta wa basi hakuniomba hata shilingi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nikijue kidude chenyewe, hii Kindle ya kusomea vitabu, nisije nikakuandikia maneno ya kubahatisha.

Mwalimu wangu alikuwa mpwa wako Rukia. Mtoto ana akili, subira ndiyo hana. Nikimwuliza jambo hili hufanywaje, ananipokonya Kindle, vidole vinapitapita, kisha ananirudishia: "Tayari, bibi." Tayari kwake yeye, mimi niko palepale. Mwisho nikamwamuru aweke mikono nyuma kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, aseme kwa mdomo tu, mwenye kugusa niwe mimi. Hapo ndipo mambo yakaanza kuingia. Miaka yote niliyofundisha sikumshika mtoto kalamu nikamwandikia herufi zake, sembuse mimi niandikiwe uzeeni.

Basi, ninayoyajua ni haya. Kitufe ni kimoja, kiko ukingoni. Ukikibonyeza kidogo Kindle inalala, ukikibonyeza tena inaamka. Ukitaka ukurasa wa mbele unagusa upande wa kulia, ukitaka kurudi unagusa ukingo wa kushoto. Menyu nazo zimejificha, mpaka uguse juu kabisa ya skrini ndipo ziteremke. Hilo la kugusa juu wangeliandika kwenye boksi kwa wino mwekundu, maana asiyelijua atazunguka ndani ya kitabu kimoja siku nzima akitafuta mlango. Ikigoma kabisa, nashikilia kile kitufe kama sekunde 40 hadi iwake upya, na vitabu vyote navikuta mahali pake.

Lakini kilichonipa raha hasa ni ile alama ya Aa. Macho yangu unayajua: kitabu cha karatasi siku hizi nakishika mbali mpaka mkono unaniishia. Nimegusa Aa, nikavuta herufi zikakua, nikaongeza na nafasi kati ya mistari, na jana nimesoma sura nzima bila miwani. Bila miwani, Salim! Ila herufi zikikua, maneno yanayoingia kwenye skrini yanapungua, ndiyo maana pale chini naonyeshwa asilimia niliyofika badala ya ukurasa. Kuna na hesabu ya dakika zilizobaki kumaliza sura, inayokisiwa kwa mwendo wa msomaji mwenyewe. Hiyo nimeiondoa. Sitaki kusimamiwa nikisoma.

Jambo jingine lililonishangaza ni jua. Simu nikiwa nayo barazani saa sita mchana, lazima niifunike kwa mtandio ndipo nione kitu. Hii, jua likizidi, maandishi ndiyo yanazidi kukolea. Nilimtuma Rukia anitafutie sababu. Kumbe ndani ya skrini mna vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vyenye maji maangavu na chembe nyeupe na nyeusi. Umeme ndio unaozivuta chembe, nyeusi zikipanda huku nyeupe zinashuka, na zikishatulia hazihitaji umeme tena mpaka ugeuze ukurasa. Ndiyo maana chaji inakaa wiki kadhaa. Kampuni ya E Ink iliyoleta ufundi huo ilianzishwa Marekani mwaka 1997 na watu waliotoka chuo cha MIT, na Kindle ya kwanza ikauzwa 2007. Hata ule weusi unaopita kwa ghafla ukurasa ukibadilika, ambao nilidhani ni ubovu, ni skrini inajifuta mabaki ya maandishi yaliyotangulia. Na stima ikikatika usiku nawasha taa yake ndogo. Inamulika ukurasa kutoka pembeni, hainipigi machoni.

Sasa nina maombi yangu. Zile hadithi ulizonitumia kama PDF siwezi kuzisoma. PDF ni picha ya ukurasa: Aa haiikuzi, na kila mstari inabidi niusukume kulia na kushoto. Nitafutie EPUB, ile aina ya faili la kitabu ambayo herufi zake zinakubali kukuzwa. Usihangaike kutafuta waya, kwani EPUB ukiitia kwa waya peke yake haifunguki. Itume kwenye ile baruapepe ya Kindle, ambayo tangu 2022 inaipokea na kuigeuza yenyewe. Cha muhimu anwani unayotumia wewe iwe kwenye orodha ya walioruhusiwa, la sivyo haitanifikia.

La pili ni duka la vitabu lililomo ndani ya Kindle. Juu ya skrini imeandikwa "Kindle ya Salim", na kadi ya benki ni yako. Hapa kwangu watoto hawaishi kuingia na kutoka, na kununua kitabu ni kugusa mara moja tu. Nataka nilifunge duka kwa nambari ya siri.

Vile vitabu vya marehemu babako vilivyo kabatini usiniambie nivigawe, hata kama unyevu wa bahari umeshavitia kuvu. Mwaka 2009 Amazon, kampuni yenye Kindle na duka lake, walifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell ndani ya Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, sawa, lakini mtu unaamka kitabu hakipo! Kwa hiyo hadithi za kupitisha jioni nitazisoma humu, na kile nitakachotaka mjukuu akirithi nitakinunua cha karatasi.

Nipigie Jumamosi baada ya Alasiri unielekeze habari ya ile nambari ya siri. Wakati huo Rukia anakuwa madrasa, kwa hiyo hakuna wa kunipokonya.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mamako