Ndani ya boksi la sabufa uweke nini: faiba, sponji au usiweke kitu?

Karibu kila anayekuja kununua spika ya inchi 12 ya kujengea boksi nyumbani huuliza, "Ndani niweke sponji gani?" Nasi kabla hatujakata kipande humuuliza: boksi lako limefungwa kote, au lina tundu la hewa? Jibu lake ndilo linaloamua kama ataondoka na faiba (nyuzi za kujazia mito) ya gramu mia tatu, kipande cha sponji, au ataondoka bila chochote na hela yake akanunulie ubao wa kukazia kuta.

Wengi wanaamini sponji inakula ule mvumo mbaya wa besi. Haiuli. Wimbi la sauti ya 40 Hz (mitetemo 40 kwa sekunde) lina urefu wa mita 8.6 hivi. Ili sponji iliyobandikwa ukutani ilinyonye vizuri, unene wake ungepaswa kukaribia robo ya urefu huo, yaani zaidi ya mita 2. Sponji ya sentimita 3 inanyonya sauti za kati na za juu tu, na sabufa iliyokatwa kwenye 80 Hz, yaani iliyozuiwa isipige sauti zilizo juu ya hapo, haitoi sauti hizo. Hata yale mawimbi yanayogonga ukuta na kurudi, ambayo mafundi wa spika kubwa huyahofia, kwenye boksi lenye urefu wa sentimita 40 kwa ndani huanza karibu na 430 Hz. Sabufa haifiki huko.

Kama mtangazaji wa taarifa ya habari anasikika akiongea ndani ya sabufa yako, tatizo ni kitufe cha kukata masafa kimewekwa juu mno, au ampu haina kichujio cha maana. Hilo halitibiwi kwa sponji. Na trei za mayai, ambazo wengine hubandika ndani ya boksi, ziache zibaki na mayai.

Boksi lililofungwa kote: hapa faiba ina kazi

Hewa ikibanwa inapata joto, na joto hilo linaifanya iwe ngumu zaidi kubanwa. Ukitia nyuzi nyembamba, nyuzi hizo hulichukua joto na kulirudisha koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) inapotoka nje. Hewa inakuwa laini, spika inaona iko kwenye boksi kubwa kuliko lililopo. Kinadharia faida hiyo haiwezi kupita asilimia 40. Kwa kazi za nyumbani tegemea asilimia 10 hadi 20, ukiwa makini 25.

Tuchukue spika yenye Fs (masafa inayotetemeka kwa asili) ya 28 Hz, Qts (kipimo cha jinsi mtetemo wake unavyozuiwa) 0.45 na Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa koni yake) lita 60. Namba hizi ziko kwenye karatasi inayokuja na spika. Kanuni ya Qtc, yaani Qts spika ikiwa ndani ya boksi, ni Qtc = Qts × kipeuo cha pili cha (Vas ÷ ujazo wa boksi + 1). Kwenye boksi la lita 36 unapata Qtc ya 0.73, besi safi isiyorefuka. Sasa nafasi sebuleni ni finyu, ukajenga la lita 25: Qtc inapanda hadi 0.83 na mlio wa asili unakuwa karibu 52 Hz. Ukitia faiba ikakupa asilimia 20, boksi linafanya kazi kama la lita 30: Qtc 0.78, na mlio unashuka hadi karibu 48 Hz. Tofauti ni hizo Hz tatu au nne. Inasikika kama besi iliyotulia kidogo, basi. Anayekuahidi kwamba faiba itageuza boksi la lita 15 liwe la lita 40 anataka kuuza faiba.

Kiasi cha kutia ni gramu 8 hadi 16 kwa kila lita ya ujazo wa ndani. Boksi la lita 25 lianze na gramu 200, na lisipite 400. Tumia mizani, macho hayaaminiki kwa kitu chepesi namna hii. Faiba ichambuliwe kwa mkono mpaka ifumuke. Mabonge yaliyotoka kwenye mfuko vile vile hayafanyi kazi, kwa sababu hewa inayapita pembeni. Ijaze nafasi yote bila kushindiliwa, ila nyuma ya spika acha sentimita 5. Hapo katikati funga kipande cha chandarua, ukibane kwenye kuta kwa stepla. Spika nyingi za sabufa zina tundu la kupumulia nyuma ya sumaku. Nyuzi zikivutwa mle zikafika kwenye koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni), utasikia mkwaruzo, na kuzitoa ni kufungua spika nzima.

Ukitaka kujua kwa hakika kiasi kinachofaa boksi lako, pima. Unahitaji malitimita, rezista ya om 100 na simu yenye programu ya kutoa toni. Rezista ikae kwa mfululizo kati ya ampu na spika ikiwa imeshafungwa kwenye boksi. Kitufe cha kukata masafa kipeleke juu kabisa, sauti iwe ndogo, na mita isome volti za AC kwenye ncha mbili za spika. Panda taratibu kutoka 25 Hz. Volti zitapanda, zitafika kilele, kisha zitashuka. Andika masafa ya kilele. Fungua, ongeza gramu 50, funga, pima tena. Kilele kitakuwa kinateremka kila mara. Kikigoma kuteremka, au kikaanza kurudi juu, umeshashindilia: nyuzi zenyewe sasa zinakula nafasi ya hewa. Toa zile gramu 50 za mwisho, kazi imekwisha. Ni nusu siku ya kufungua na kufunga skrubu, lakini ndicho kipimo kisichobishaniwa.

Boksi lenye tundu la hewa

Hapa ushauri wetu ni mfupi: acha tupu. Kwenye masafa ambayo boksi limetuniwa, yaani yale ambayo hewa ya tundu hutetemeka kwa nguvu zaidi, sehemu kubwa ya besi inatoka kwenye bomba la tundu hilo, koni yenyewe inakuwa imetulia karibu kabisa. Bomba linahitaji hewa iende na kurudi bila kikwazo. Ukijaza faiba, unaingiza msuguano pale pale nguvu inapotengenezwa, na besi inapungua. Wateja hutuambia "nimejaza vizuri lakini sasa haina nguvu." Imejazwa, ndiyo sababu.

Kama spika hiyo hiyo inapiga pia sauti za kati, bandika sponji ya sentimita 2.5 kwenye ukuta wa nyuma, wa juu na mmoja wa ubavuni, na isiusogelee mdomo wa ndani wa bomba kwa umbali unaopungua kipenyo cha bomba lenyewe. Faiba isiyofunikwa usitumie, itatapikwa sebuleni nyuzi kwa nyuzi.

Ule mpulizo wa "fuu" kwenye noti nzito nao si wa sponji. Unatokana na hewa kupita kwa kasi kubwa, kuanzia mita 17 kwa sekunde hivi. Dawa yake ni bomba pana zaidi (na refu zaidi, ili tuni isihame) na kingo za mviringo pande zote mbili. Kuziba bomba kwa soksi kunaondoa mpulizo, kweli, lakini unakuwa umeligeuza boksi liwe karibu na lililofungwa huku vipimo vyake si vya boksi lililofungwa.

Malighafi zenyewe

Faiba ya poliesta, ile ya kujazia mito, ndiyo tunayoipendekeza kwa boksi lililofungwa. Haiozi, haivuti panya, inapatikana kila soko. Sponji ya godoro inafaa kwa kubandika tu, na si kila sponji. Ibane mdomoni upulize: pumzi ikipita upande wa pili, inafaa. Isipopita, kama sponji za kufungia friji au mikeka ya mazoezi, haina kazi yoyote humu. Jua pia kwamba kwenye joto na unyevu wa pwani sponji nyepesi huanza kuwa unga baada ya miaka michache, na unga huo huishia kwenye koili.

Sufi ni laini na inafanya kazi mwanzoni, ila inajikusanya chini na inashika moto haraka. Pamba ya shambani inavuta unyevu na kufanya ukungu. Usumba wa nazi nyuzi zake ni nene mno, hewa inapita kana kwamba hakuna kitu. Sufi ya kioo inayotumika kwenye dari ni nzuri kiufundi, lakini vaa glavu na barakoa, ifunge kwenye kitambaa, na iwe kwa boksi lililofungwa peke yake.

Mvumo unatoka wapi basi?

Mara nyingi ni ukuta unaotetemeka au hewa inayovuja. Piga toni ukipanda polepole kutoka 25 hadi 120 Hz huku kiganja kiko kwenye kila ukuta kwa zamu. Ukuta unaokutekenya mkononi unahitaji ubao wa kukaza wa upana wa sentimita 5, uunganishe kuta mbili zinazotazamana, pembeni kidogo ya katikati, kwa gundi ya mbao na skrubu. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshinikizwa) ya milimita 18 yenye mbao mbili kama hizo inaishinda ya 12 iliyobandikwa sponji kila mahali. Zile karatasi za lami zenye foili zinasaidia sana kwenye bati jembamba la mlango wa gari. Juu ya MDF nene hazibadilishi mengi kwa bei yake.

Kwa kuvuja, weka toni ya 30 Hz na upitishe mkono uliolowa maji kwenye maungio, kwenye kikombe cha nyaya na kuzunguka ukingo wa spika. Hewa baridi utaisikia mara moja. Ziba kwa silikoni, lakini ile yenye harufu ya siki iache ikauke saa 24 kabla ya kurudisha spika, mvuke wake si rafiki wa gundi za koni wala wa shaba. Angalia na nyaya za ndani: waya unaogonga ubao unatoa mlio ambao watu hubadilishia spika bure.

Mwenye ampu ndani ya boksi lile lile, transfoma na bati la kupozea viachiwe sentimita 10 bila faiba wala sponji. Sponji ikipata moto inatoa moshi wa sumu, kwa hiyo ukiweza jenga chumba kidogo cha ampu kilichotengwa kwa ubao, na ujazo wake uutoe kwenye hesabu ya lita za boksi.