Wembe wa Babu Yako

Tanga, Jumapili jioni

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Mzigo wako nimeuchukua stendi jana mchana, umefungwa kwa gazeti na kipande cha khanga kama ulivyosema. Natumai goti la shemeji limepata nafuu. Sisi huku wazima, ila mvua haitupi nafasi.

Nakujibu upesi kwa sababu najua unahesabu siku. Umeniuliza kama wembe wa marehemu babu unafaa kufufuliwa au tuuache. Kwa ndevu zako wewe unafaa, ukikubali nifanye nitakayokueleza. Kwa kichwa cha mjukuu siku ya akika haufai, na hautafaa hata nikiunoa mwaka mzima. Najua hilo ndilo ulilolitaka zaidi, kwa hiyo nisomee mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Sijaugusa kwa msasa bado. Asubuhi nilikaa nao barazani jua likiwa la pembeni, maana jua la namna hiyo halifichi kitu kwenye chuma. Kwenye mkia, kile chuma kinachotoka nyuma ya bapa kuelekea mpini, chini ya kutu, nimesoma kinyota na kimsalaba, halafu Joseph Rodgers & Sons, Sheffield, na mwisho England. Babu hakuwa na kitu cha mchezo. Nyota na msalaba ndiyo alama ya kiwanda cha Rodgers, na iliigwa sana. Vyuma vya Solingen ya Ujerumani kupigwa jina la Sheffield ya Uingereza ilikuwa moja ya sababu Waingereza wakatunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887. Huu wako nauamini kwa kazi yake. Bapa limechimbwa pande zote mbili likawa jembamba kama ganda la kitunguu, na ukilikwangua kwa ukucha linalia. Lile neno England linasaidia kukisia umri. Mwaka 1890 Wamarekani walitaka bidhaa za nje zinazoingia kwao ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vikazoea kulipiga, basi sidhani kama wembe huu ni wa kabla ya hapo.

Kilichonigusa ni mgongo. Wembe wa kukunja ukinolewa, mgongo na makali hulala pamoja juu ya jiwe. Mgongo ndio unaoshika pembe, mnoaji hakisii, na kwa hiyo nao huliwa kidogo kidogo. Wa babu umelika kama milimita 2, kulia na kushoto sawasawa, kuanzia kisiginoni, upande wa mpini, hadi nchani. Nimeupima mara tatu. Nyembe nyingi zilizopita mikononi mwangu zimeliwa upande mmoja, au zimekondeana nchani kwa sababu mtu alikuwa na haraka. Miaka yote ile chini ya mwembe mkono wa babu yako haukuelemea popote. Nimeukumbuka mkanda wake wa ngozi uliofungwa kwenye shina, na ile sauti, pa, pa, pa, nami nimekaa kwenye kigoda nimeinamisha shingo, naogopa hata kupumua.

Haya, maradhi yake. Mpini ni wa pembe, na wadudu wameula upande mmoja mpaka unaona mwanga upande wa pili. Hilo lisikusumbue, mpini hutengenezwa mwingine kwa mninga au kwa pembe mpya, ribiti zikabadilishwa. Kutu nyekundu ya mgongoni itatoka kwa mafuta ya cherehani na msasa laini, na ule weusi wa mkiani nitauacha kama ulivyo, hauli chuma. Vishimo vya kutu vimejaa bapani, ila bahati nzuri vingi viko juu, mbali na makali. Vingekuwa ukingoni ningekurudishia mzigo wako leo leo, kwa sababu ukinoa mpaka kwenye kishimo makali yanameguka kama biskuti.

Halafu kuna lile pengo karibu na ncha, uliloniambia kwenye simu kwamba ni dogo. Ni dogo kweli, halifiki milimita 1. Pengo peke yake lisingenitisha. Wembe huu una upana wa milimita 19, ukiula milimita 1 kwa jiwe la kukwaruza hakuna atakayejua.

Kilichonitisha ni kijistari kinachopanda kutoka kwenye pengo. Kwa macho kilikuwa kama mkwaruzo tu. Basi nikafanya kama tulivyokuwa tukifanya karakana ya reli enzi zile kwenye vyuma vya mabehewa. Nikaosha bapa kwa sabuni, nikakausha, nikalipaka mafuta ya taa nikaliacha nusu saa. Nikayafuta mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Kisha nikasaga chaki nikaipaka nyembamba, nikaenda kunywa chai. Mkwaruzo haushiki mafuta, ufa unayashika na kuyatema polepole. Niliporudi chaki ilikuwa nyeupe kote isipokuwa uzi mmoja wa unyevu, milimita 3 kwenda juu. Nikafuta, nikarudia. Uzi ukatokea palepale.

Ni ufa, Somo. Samahani.

Ufa hauzibwi wala hauungwi. Kuuchomelea ni kuua ugumu wa chuma chote. Kuunoa mpaka uishe ni kuondoa milimita 3 za upana, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Upana ukibaki 16 na mgongo ukawa uleule, pembe ya makali inapanda kutoka nyuzi kama 17 hadi karibu 20. Zaidi ya hapo, unakuwa umepanda kwenye sehemu nene ya bapa. Utakuwa na kitu kinachokwaruza ndevu badala ya kuzikata.

Njia ninayoiona ni moja. Ufa uko milimita 11 kutoka nchani. Urefu wa makali ni 76. Tukikata ncha milimita 13, ufa unaondoka wote pamoja na pengo, na unabaki na wembe mfupi wa milimita 63, pana vilevile, pembe ileile, mgongo wa babu mzima. Wembe mfupi si kilema, chini ya pua unageuka vizuri kuliko mrefu.

Ila kukata kwenyewe kuna hatari, nami sitaki kukuficha. Unakumbuka wembe wa baba yangu? Niliwahi kumpa fundi mmoja, akauweka kwenye grenda kuondoa pengo kama lako. Alinirudishia baada ya dakika kumi, unang'aa, na ukingoni umepita mstari wa buluu kama shingo ya njiwa. Rangi ile ni chuma kimepata moto kikapoteza ugumu. Niliunoa wiki nzima, asubuhi unakata, jioni umelala. Uko kabatini mpaka leo. Kwa hiyo huu wa babu nitaukata mwenyewe kwa kijiwe chembamba, beseni la maji pembeni, nagusa mara mbili nachovya, na kidole changu kiko kwenye chuma muda wote. Kidole kikisikia joto, nasimama. Ikinichukua siku nne, ni siku nne.

Sasa mjukuu. Utasema, ufa ukishakatwa tatizo liko wapi? Tatizo ni vile vishimo. Wembe huu umenyoa vichwa vya nusu ya mtaa, na sina njia ya kujua nini kimelala ndani ya kila kishimo, wala siamini kuchemsha peke yake. Na chuma kilichopasuka mahali pamoja huenda kina ufa mwingine ambao chaki haijauona. Mimi nikijikata shavu nitapaka shabu nicheke. Utosi wa mtoto wa siku saba unapiga chini ya ngozi, umeuona mwenyewe kwa wanao. Nunua wembe mpya, ufunguliwe palepale mbele ya mama mtoto. Wa babu uwekwe kwenye sinia pamoja na mizani ya nywele na chetezo, watu wauone, umsimulie mtoto atakapokua.

Nijibu kabla ya Alhamisi. Ukisema kata, nitakata, na kile kipande cha ncha nitakurudishia kwenye karatasi, sitakitupa. Ukisema usikate, nitautoa kutu, niupake mafuta, niufunge kitambaa kikavu nikuletee mwenyewe siku ya akika. Kwa sasa uko ndani ya soksi ya pamba juu ya kabati, mbali na chumvi ya jikoni.

Msalimie shemeji na binti. Mwambie asibebe ndoo.

Wasalaam,
Somo wako