Barua kwa Somo: Jina la Sykes na Damu Yake

Huddersfield, Yorkshire

Somo yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na watoto wote. Kwa upande wangu sijambo, ingawa baridi ya huku imeanza mapema na zamu za usiku wodini zimenichosha. Nimefurahi mno kusikia kwamba mguu wa mama umepata nafuu.

Swali la mwanafunzi wako limenikaa moyoni tangu nilipolisoma. Unaniambia kwamba ulipokuwa ukiwafundisha habari za waasisi 17 wa TANU, ukafika kwa Abdulwahid Sykes na ndugu yake Ally, kijana mmoja alinyosha mkono akataka kujua imekuwaje Waafrika wa Dar es Salaam waitwe kwa jina la Kizungu, na kama watu hao wana udugu wa damu na akina Sykes wa Uingereza. Ukaona wa kuulizwa ni mimi, kwa kuwa naishi Huddersfield. Hukukosea, somo, kwa maana huku ndiko kwao hasa jina hilo. Juma lilelile nililopokea barua yako, katika orodha ya wagonjwa wa wodi yetu walikuwamo wazee watatu walioitwa Sykes, vitanda vyao vikifuatana, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Nianze na jina lenyewe. Katika lahaja ya Yorkshire, syke ni kijito chembamba au mfereji unaoteremsha maji kutoka kwenye nyika tepetevu za milimani, na mara nyingi mfereji wa namna hiyo ulikuwa ndio mpaka baina ya shamba na shamba. Jumamosi iliyopita nilipanda mlima ulio juu ya bonde la mto Colne ili nikauone kwa macho yangu. Niliukuta kando ya ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa. Upana wake haukufika hatua moja, majani marefu yameuinamia huku na huku, na maji yake ni ya hudhurungi kama chai ya rangi kwa sababu ya udongo mweusi yanamopita. Upande wa kwangu walikuwapo kondoo waliotiwa alama ya buluu mgongoni, na upande wa pili kondoo wa alama nyekundu, wa mkulima mwingine. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikimfikiria mtu aliyeishi karibu na mfereji kama ule miaka 700 iliyopita, ambaye majirani walimtambulisha kwa kusema tu, yule wa mferejini.

Kwetu, kama unavyojua, mtoto hubeba jina lake, la baba na la babu, na kila kizazi kipya kinapoingia, jina moja la nyuma hudondoka. Waingereza wa zamani nao hawakuwa na jina la ukoo la kudumu. Baada ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066, wenye ardhi walianza kushika majina yasiyobadilika, desturi hiyo ikashuka polepole kwa watu wa kawaida, na kufikia miaka ya 1400 watu wengi wa Uingereza walikuwa na jina ambalo mwana alilipokea kutoka kwa baba. Mhunzi akawa Smith, mshona nguo akawa Taylor, mwana wa John akawa Johnson, na mkaa kando ya mfereji akawa Sykes. Orodha za kodi ya kichwa ya mwaka 1379 ni hazina kubwa kwa watafutao koo za Yorkshire, maana ndani yake majina hayo yameandikwa kijiji kwa kijiji.

Kwa kuwa mifereji ya aina hiyo imejaa tele huku, wanaosoma maandishi ya kale waliamini kwamba jina la Sykes lilizuka mara nyingi, mahali mbalimbali, kwa watu wasiohusiana. Aliyeligeuza jambo hili alikuwa mwenye jina mwenyewe, Profesa Bryan Sykes wa Chuo Kikuu cha Oxford, mtaalamu wa vinasaba, yaani maagizo ya mwilini ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi. Alialikwa kutoa mhadhara katika kampuni ya dawa ambayo mwenyekiti wake aliitwa Sir Richard Sykes, akaulizwa kama wana udugu. Hakujua. Basi akamwomba mwenyekiti huyo chembe kidogo za ndani ya shavu, akazilinganisha na zake mwenyewe, na vinasaba vya kiumeni vikaoana.

Hapo inafaa nikufafanulie kidogo, ili nawe uweze kumfafanulia kijana wako. Kromosomu Y ni kama uzi uliobeba vinasaba, nayo hupatikana kwa wanaume, na baba humpa mwanawe wa kiume karibu kama ilivyo, ila mara chache hutokea kosa dogo la kunakili, nalo hurithiwa na wote wanaofuata. Kwa hiyo inasafiri njia ileile linayosafiri jina la ukoo la Kiingereza, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Profesa Sykes akawaandikia wanaume wa jina lake waliochaguliwa bila kujali wanahusiana au la, wakajisugua shavu kwa brashi ndogo na kumrudishia. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000: kati ya wanaume 48 waliopimwa, 21 walikuwa na alama moja ya kromosomu Y, na alama hiyo haikuonekana kwa majirani zao wa majina mengine. Maana yake, akina Sykes wa leo walio katika mstari huo wametokana na baba mmoja, licha ya mifereji kuwa mingi kiasi hicho.

Sasa utaniuliza kuhusu wale 27 waliobaki. Profesa alikadiria kwamba tofauti yao inaweza kuelezwa ikiwa, katika miaka 700, wastani wa asilimia 1.3 tu ya watoto kwa kila kizazi walilibeba jina bila kuibeba damu ya aliyelitoa. Watu wengi wakilisikia hilo hukimbilia kusema ni uzinzi, nami nasema kwa moyo wangu wote kwamba si haki. Wako waliolelewa na baba wa kambo wakaitwa kwa jina lake, wako mayatima waliochukuliwa na jirani, wako waliozaliwa nje ya ndoa wakashika jina la mama, na wako wanaume waliobadili jina ili warithi shamba la mjomba. Wewe mwenyewe umelelewa na baba mkubwa, na sijapata kumsikia mtu yeyote Tanga akisema kwamba wewe si wa nyumba ile.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Turi King na Mark Jobling, walikwenda mbali zaidi, wakapima wanaume 1,678 wa majina 40, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Waliona kwamba jina likiwa adimu, kama Attenborough, wengi wa wanaolibeba huwa ni wa baba mmoja wa zamani, lakini akina Smith hawakaribiani kwa damu kuliko watu wowote waliookotwa barabarani, kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake.

Lakini kuna utafiti wao mwingine, wa mwaka 2007, ambao ndio ulionitoa machozi niliposoma habari zake. Walimpima mwanaume mmoja Mwingereza, mweupe, mwenye jina adimu la mashariki mwa Yorkshire, jina ambalo hawakulichapisha ili kumhifadhi mwenyewe. Kromosomu yake Y ilikuwa ya kundi A1, mojawapo ya makundi ya kale kabisa katika mti wa kiumeni wa binadamu, ambalo hadi wakati huo lilijulikana kuwa la Waafrika, hasa wa Afrika Magharibi. Wakawatafuta wanaume wengine 18 wa jina hilo, na saba kati yao wakakutwa na alama hiyohiyo. Makaratasi ya makanisa na ya serikali yaliwaunganisha katika koo mbili zilizoanzia Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18, na vinasaba vikaonyesha kwamba koo hizo mbili zinakutana vizazi vichache nyuma zaidi.

Fikiria, somo. Mwanaume mmoja wa Afrika aliingia nchi hii, akapata mwana, na mwana akapata mwana, rangi ikafifia katika vizazi vichache, kumbukumbu ikapotea kabisa, lakini alama yake ikaendelea kutembea katika mashamba ya Yorkshire chini ya jina la Kiingereza. Vinasaba havitaji siku aliyoingia. Waafrika walikuwapo hapa tangu enzi za Warumi, ambapo kikosi cha Wamauri, watu wa Afrika Kaskazini, kililinda Ukuta wa Hadrian, ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, katika karne ya 3. John Blanke, mpiga tarumbeta Mwafrika, alilipwa mshahara katika ikulu ya mfalme Henry VII mwaka 1507. Halafu ikaja biashara ya utumwa. Yawezekana babu huyo alitoka katika lolote kati ya makundi hayo, au uzao wa mmoja wao. Ukirudi nyuma vizazi 10, kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na kromosomu Y inamshuhudia mmoja tu kati yao. Kama wasingempima yule mwanaume mmoja, mtu huyu asingekumbukwa na yeyote duniani.

Sasa nirudi kwa kijana wako. Baba wa akina Sykes wa Dar es Salaam hakutoka Huddersfield. Aliitwa Sykes Mbuwane, askari aliyetoka upande wa Inhambane, Msumbiji, miongoni mwa wale walioitwa Wazulu, ambao Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliwaandikisha mwaka 1889 ili wapigane na Bushiri, aliyeongoza upinzani wa watu wa pwani. Sykes lilikuwa jina lake mwenyewe, si la ukoo. Mwanawe, Kleist, ambaye jina lake la Kiislamu ni Abdallah, akaitwa Kleist Sykes, kwa utaratibu wetu uleule wa mtoto kufuatwa na jina la baba. Huyo ndiye aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, chama cha Waafrika kilichoitangulia TANU, mwaka 1929. Wanawe, Abdulwahid na Ally, wakaendelea kuitwa Sykes, na hapo jina la babu mmoja likaganda na kuwa la ukoo, kama lilivyoganda la John kwa akina Johnson. Kwa hiyo mwambie kwamba jina ni moja na asili ni mbili, na kwamba huku mashariki mwa Yorkshire kuna watu ambao mambo yao ni kinyume chake, jina la Kiingereza na babu wa Kiafrika.

Mimi na wewe tumeitana somo tangu tukiwa na miaka saba kwa sababu tu tulipewa jina moja, na leo hii nikiwa na shida, wewe ndiwe ninayekuandikia kabla ya dada zangu. Nimekuwekea ndani ya bahasha picha ya ule mfereji. Wapitishie darasani, na kijana aliyeuliza umwache akae nayo.

Nisalimie mama sana, na umwambie asiache mazoezi ya mguu.

Ni mimi somo yako