Vidonge vyako bado ninavyo mimi

Mwanakwerekwe, Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai nyote hapo Wete mu wazima. Sisi huku hatujambo, ila bei ya samaki ndiyo inayotutoa jasho. Habari ya safari yako ya Hija nimeipokea kwa furaha, na ombi lako pia limenifikia, la kukutafutia vidonge vya majira, hivi vya kuzuia mimba, ili usiingie hedhini ukiwa Makka. Vidonge nimevipata, nami ndiye niliyevizuia visipande boti.

Usidhani kwamba jambo lenyewe linanitisha. Paketi hizi huwa na vidonge 28: 21 vyeupe vyenye homoni, na 7 vya rangi ya kahawia vyenye madini ya chuma tu. Damu inayotoka katika siku zile za vidonge vya kahawia si hedhi ya kawaida, bali ni mwili unaoitikia kukatiwa homoni. Kwa hiyo mwenye kuviacha hivyo vya kahawia na kuanza paketi mpya papo hapo, mara nyingi haoni damu. Mama Fatma atakwambia kwamba damu hiyo hujikusanya tumboni kisha ikapanda kichwani, naye huyasema hayo kwa yakini ya mtu aliyeiona ikipanda, lakini homoni hizo huuacha utando wa mfuko wa uzazi ukiwa mwembamba, na pasipojengeka kitu hapana cha kujikusanya. Marekani waliidhinisha mwaka 2003 vidonge vya kumezwa siku 84 mfululizo, na mwaka 2007 vya mwaka mzima.

Kinachonishughulisha ni kichwa chako. Sijasahau kipandauso chako cha siku zile za dakhalia ya skuli, jinsi ulivyokuwa ukisema unaona mistari inayometameta, kisha ukajifunika kanga usoni kabla maumivu yenyewe hayajaanza. Mwenye kipandauso cha namna hiyo hapewi vidonge vyenye homoni ya estrojeni, kama hivi, kwa sababu vinamzidishia hatari ya kiharusi. Wala havimfai mwenye presha ya juu, wala aliyewahi kugandwa na damu mguuni. Aliyeniuzia hakuuliza hata swali moja. Alipokea pesa, akafunga, akaendelea na simu yake.

Hata kama kichwa kingekuwa kizima, muda nao umekuwa mfupi. Miezi ya mwanzo madoa ya damu hutoka bila mpango, na ndiyo maana wanaojua huanza mapema, mwili ukazoea kabla ya safari. Fikiria doa likutokee asubuhi ya kutufu, ya kuizunguka Kaaba, nawe uanze kumsaka sheikh katika umati ule ili umuulize kama ni hedhi au ni istihadha, damu isiyo ya hedhi! Kuna pia vidonge vya norethisterone, ambavyo daktari huviandika vianze kumezwa siku tatu kabla ya hedhi kutarajiwa, nayo huja siku chache baada ya kuviacha. Navyo vina masharti yake, hasa kwa habari ya damu kuganda, wala havihesabiwi kuwa kinga ya mimba. Na kwa kuwa unafuatana na mumeo, sisemi zaidi.

Najua masheikh wengi wameruhusu kuizuia hedhi kwa ajili ya Hija, ila kwa sharti la kutodhuru, na sharti hilo ndilo nililolishikilia. Ikikujia, Arafa utasimama, dua utaomba na mawe utatupa. Kitakachosubiri ni kutufu tu. Najua vilevile kwamba kundi la safari halimsubiri mtu, na hofu yako ndiyo hiyo, lakini narudi palepale: kichwa chako.

Basi nenda kwanza kliniki ya uzazi wa mpango, ukaeleze habari ya ile mistari, usiseme tu kwamba unaumwa kichwa. Je, bado inakujia, au ilikwisha ulipozaa? Presha umepimwa lini? Ile dawa ya kifafa unaendelea nayo? Maana baadhi yake hupunguza nguvu ya vidonge hivi. Siku zako zinakwenda kwa hesabu, au zinarukaruka? Safari yenyewe mnaondoka lini, nani anabaki na watoto, na somo wako ameshaambiwa? Nijibu upesi, kwa barua au kwa simu, na Mama Fatma umpe salamu zangu bila ya kumsomea haya.

Wako akupendaye,
Mwana