Daraja la Pangani lisiwaruke wauza mihogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu daraja la Mto Pangani, na naanza kwa kujitetea: sipingi daraja. Mimi ni mtu wa Lindi. Tulipokuwa wadogo, kuja Dar es Salaam kulikuwa ni kulala Ndundu, kwenye Rufiji, mnasubiri pantoni huku mbu wakijilia bure. Mkiamka, foleni iko palepale. Daraja la Mkapa, lenye mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003, marehemu baba alisema sasa hata akifa Dar atazikwa kwao kwa wakati. Kwa hiyo anayesema pantoni ni starehe, akawaulize kwanza watu wa Kusini.

Ila likizo hii nimepita Pangani na familia, na kuna jambo limenikaa moyoni.

Tulikuwa sita ndani ya Noah: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama mkwe. Tulikuwa tunarudi Dar kutoka Tanga, na mama mkwe, ambaye kwao ni hukohuko, akakataa katakata njia ya Segera na Chalinze. "Malori nimeyachoka, tupite baharini." Basi tukashika njia ya pwani. Tulisimama Tongoni kwenye magofu ya msikiti na yale makaburi ya nguzo. Huko majini ndiko Vasco da Gama alikokwamisha jahazi lake mwaka 1498, na aliporudi mwaka uliofuata akalichoma moto kwa kukosa mabaharia wa kuliendesha. Mwanangu wa kati alitaka tushuke tukalitafute. Nikamwambia kwanza twende tukale.

Tulipofika Pangani, pantoni ilikuwa ng'ambo, Bweni. Tukazima gari. Tulikaa kama dakika arobaini, na nakiri kwamba mwanzoni nilinuna. Dakika ya tano mama mkwe alikuwa ameshakaa kwenye benchi la muuza mihogo, wanaulizana ukoo. Ilibainika kwamba shangazi yake fulani aliolewa Mwera, na tangu hapo mihogo ikawa inaongezwa kwenye karatasi bila kuhesabiwa. Pilipili, ndimu, kachumbari. Madafu mawili, kisha manne. Mzee wa kahawa alipoona watoto wanazurura akawaita, akawagawia kashata, akawaambia kwamba Abushiri bin Salim, aliyewasumbua Wajerumani pwani hii nzima, alinyongwa hapahapa Pangani, Desemba 1889. Mwanangu mkubwa yuko kidato cha pili na jina hilo amelisoma darasani. Hakujua kwamba ni la mtu aliyefia mahali ambapo na yeye anaweza kusimama.

Pantoni ikaja. Abiria wote hushuka, dereva peke yake ndiye anayeingiza gari, nanyi mnaingia kwa miguu pamoja na baiskeli, bodaboda, magunia na kuku. Mwanangu wa mwisho akauliza maji yote haya yanatoka wapi. Nikamjibu Kilimanjaro na Meru. Hakuniamini mpaka bibi yake alipoitikia. Kabla hajamaliza maswali tulikuwa tumeshafika Bweni.

Sehemu iliyobaki nitaipitisha haraka. Baada ya Mkwaja tulikwama kwenye mchanga, vijana wa kijijini wakatusukuma, wakacheka sana. Tulilala Saadani, tukaona tembo asubuhi na bahari jioni, tukasikia habari za kasa wanaotaga ufukwe wa Madete lakini hatukubahatika kuwaona. Kesho yake tukatokea Mandera, tukarudi kwenye malori ya mama mkwe.

Sasa hoja yangu. Daraja linalojengwa Pangani lina urefu wa mita 525. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, hiyo ni nusu dakika. Mgonjwa wa Bweni anayekimbizwa hospitali usiku anaihitaji hiyo nusu dakika, wala sina ubishi. Lakini yule mama wa mihogo anaishi kwa zile dakika arobaini. Nimepita Rufiji mara nyingi tangu 2003 na sijashuka hata mara moja. Waliokuwa wakituuzia chai pale Ndundu sijui walikwenda wapi, na nakiri kwamba sikuwahi kuuliza.

Ninachoomba si kikubwa. Karibu na daraja, kila upande, patengwe mahali pa kusimama magari, pawe na kivuli, maji na choo cha heshima, na vibanda wapewe kwanza wale wanaouza kivukoni leo, kwa majina yao, kabla hawajaja wenye mitaji kutoka mjini. Na lifanyike mapema. Sote tunajua inavyokuwa: lami inakuja, hifadhi ya barabara inapimwa, mwenye kibanda anaamka anakuta alama ya X nyekundu ubaoni. Tena kibao kielekeze Pangani mjini, kwenye boma na nyumba za kale, maana anayeteleza juu ya daraja hataujua mji ulioko chini yake.

Na kwa waenda kwa miguu, chombo kidogo kibaki. Daraja la Nyerere pale Kigamboni, mita 680, limefunguliwa 2016 na Magogoni watu wanavuka kwa pantoni hadi leo, kwa sababu anayekwenda Kivukoni na ndoo ya samaki kichwani hawezi kuzungukia Kurasini. Mwanafunzi wa Bweni naye ana miguu miwili tu.

Mama mkwe ameshatangaza kwamba Desemba tunarudi, na yule mama wa mihogo amemwahidi pweza. Nilipomuuliza kama ameshaambiwa atahamia wapi daraja likiisha, alifuta mikono kwenye kanga akasema, "Baba, mimi nimeambiwa daraja linakuja. La kwangu sijaambiwa." Kama wahusika wanasoma gazeti lako, naomba wamjibu.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam